Jicho la mwaka juzi na miguu ya leo: Dokta anajibu barua zenu kuhusu rufaa ya MS

Toleo lililopita nilijibu kwa mistari minne tu swali la msomaji aliyeuliza kama ganzi ya miguu inaweza kutokea kwenye ubongo. Nikasema ndio inaweza, na kwa kupita nikataja maltipo sklerosisi, ile wengi wanayoiita MS. Basi, barua zikamiminika. Nimechagua nne, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti: nikishashuku, naenda kwa nani, na nikifika nasema nini?

Shikamoo Dokta. Mimi ni dada wa miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina watoto wawili. Mwaka juzi jicho la kulia liliniuma hasa nikiligeuza, alaf likaanza kuona ukungu, nkaenda kwa daktari wa macho akaniandikia matone na miwani, baada ya kama wiki sita likarudi lenyewe nkasahau kabisa. Mwaka huu ganzi ilianza kwenye vidole vya miguu ikapanda mpaka kiunoni, na nikiinamisha shingo kusahihisha madaftari nasikia kama shoti inashuka mgongoni. Nimetibiwa UTI mara tatu kwa sababu mkojo unanibana ghafla, nimetibiwa taifodi, nimepigwa eksirei ya kiuno wakasema pingili zimesagika kidogo, wa mwisho akasema ni mawazo nipumzike. Binti wa shangazi ambaye ni nesi Dar kaniambia nikaombe rufaa inaweza kuwa MS. Nimeomba, daktari akaniuliza rufaa ya nini, kwenda wapi? Nkakosa la kusema. – Mwalimu, Morogoro

Marahaba mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mstari ulioupitia haraka haraka ndio ulionifanya nikae vizuri kwenye kiti, ule wa jicho. Wewe umeuweka pale juu kama stori ya zamani ukakimbilia miguu, na naweza kuapa huko hospitali hukuusema kabisa, maana nani anaenda kulalamikia miguu aanze kusimulia jicho la mwaka juzi tena limeshapona.

MS iko hivi. Neva zetu zimevikwa utando wa mafuta unaoitwa mielini, fikiria waya wa umeme na ile plastiki yake. Kwenye MS kinga ya mwili wako mwenyewe inageuka na kuutafuna huo utando, kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, kama panya aliyetafuna waya darini, taa haijazimika lakini inafifia, inawaka inazima, ukigusa vibaya inapiga shoti. Kisha uvimbe unatulia, mwili unajitahidi kuziba palipotafunwa, mgonjwa anasema nimepona. Miezi au miaka baadae panya anaibukia chumba kingine. Inawapata zaidi watu wa miaka 20 mpaka 40, na wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Daktari anayeitafuta MS anaangalia ugonjwa umepiga sehemu ngapi na umepiga lini na lini. Vigezo vinavyotumika duniani vinaitwa vya McDonald, vilianza 2001, na katika marekebisho ya 2024 mshipa wa jicho umeingizwa rasmi kwenye sehemu zinazohesabiwa. Sasa unaona kwa nini nimeng'ang'ania jicho lako? Daktari wa macho alishika jicho, wa mkojo akashika mkojo, wa mgongo akashika kiuno, na hakuna hata mmoja aliyefanya kosa kubwa kwenye kipande chake, ila hakuna aliyeviweka mezani pamoja. Kama una MS au huna kwa barua siwezi kujua.

Hiyo eksirei nayo tuisemee kidogo. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi neva, na mtu mzima ukimpiga eksirei ya kiuno mara nyingi utakuta pingili "zimesagika kidogo", hata mimi zangu. Tena ganzi iliyopanda mpaka kiunoni inamaanisha tatizo liko juu ya kiuno, ndani ya uti wa mgongo, na ile shoti ukiinamisha shingo (imepewa jina la daktari Mfaransa, Lhermitte) inaelekeza shingoni. Walikuwa wanatafuta mwizi sebuleni na yeye yuko darini. Kinachotakiwa ni MRI, ile picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya kichwa na ya uti wa mgongo kuanzia shingo, kwa kawaida pamoja na dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani. MRI ya kiuno peke yake ni kupoteza hela, na usikubali wakubadilishie kwa siti-skani eti ni kitu kimoja.

Kwa nani? Kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, yule anayetibu kwa dawa. Hapa watu wengi wanapotea, wanasikia "ubongo na mgongo" wanapelekwa kwa bingwa wa upasuaji. Muhimbili kwa mfano, MOI ni ya mifupa pamoja na upasuaji wa ubongo na mgongo, wewe unatafuta upande wa magonjwa ya ndani, kliniki ya mishipa ya fahamu. Mabingwa hawa ni wachache nchini na kliniki zao zina siku maalum, kwa hiyo kabla hujakata tiketi piga simu au mtume huyo binti wa shangazi aulize siku. Tangu treni ya SGR ianze 2024 wewe wa Morogoro una nafuu, unaweza kwenda Dar au Dodoma ukarudi hujavunjika mgongo. Bima nayo uiulize mapema kama MRI inahitaji kibali, watu wanafika dirishani ndio wanaambiwa.

Ukirudi kwa daktari wako wa hospitali ya mkoa usimwambie "naomba rufaa ya MS", utamfanya ajihami. Mwambie hivi: "Daktari, mwaka juzi mwezi fulani jicho liliniuma nikaona ukungu wiki sita likarudi. Mwaka huu nimepata ganzi mpaka kiunoni, shoti nikiinama, na mkojo unanibana. Naomba nionwe na bingwa wa mishipa ya fahamu kwa sababu naona vinaweza kuwa kitu kimoja." Alaf nyamaza. Kama ile karatasi ya daktari wa macho unayo, hata kama imelowa chai, nenda nayo.

Kuna kajaribio kadogo ufanye nyumbani. Chukua kifuniko chekundu cha chupa ya soda, ziba jicho la kushoto ukiangalie, kisha ziba la kulia. Kama jicho lililougua linakiona chekundu kimepauka, kama kimefuliwa mara nyingi, mwambie daktari. Mshipa wa jicho ukishaumia rangi nyekundu huwa ya kwanza kufifia na alama hiyo inaweza kubaki hata baada ya wewe kusema limepona.

Bingwa anaweza pia kuomba maji ya uti wa mgongo yapimwe. Najua mtaani wanasema ukitolewa yale maji unapooza. Sindano inaingizwa chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia na kilichobaki ni nyuzi za neva zinazoelea, kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu baadae, hilo ni kweli, lala, kunywa maji. Wanatafuta protini fulani zinazoonyesha kinga imekuwa ikipigana humo ndani.

Na wenye subira kupita kiasi wanisikilize: miguu ikilegea ndani ya siku chache, mkojo ukigoma kutoka, au jicho likizima, hiyo haisubiri siku ya kliniki, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Dokta habari za kazi. Mimi ni tabibu kituo cha afya kanda ya ziwa. Nina mgonjwa kijana, miguu imekuwa mizito wiki ya pili sasa. Rufaa zangu mbili za nyuma zilirudi na maneno "fanya uchunguzi kwanza" na nyingine mgonjwa aliambiwa tu aanze fizio (mazoezi ya viungo). Naandikaje ili bingwa amwone? – Tabibu mwenzio

Nzuri mdogo wangu. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, nazipokea hizo rufaa, na nakuambia ukweli nyingine zilikuwa na mstari mmoja: "Udhaifu wa miguu, sababu haijulikani, naomba msaada zaidi." (Tunaandika kwa Kiingereza lakini ndio maana yake.) Ukiwa na foleni ya watu arobaini na karatasi ya namna hiyo unafanya nini? Unamwandikia fizio anaenda.

Sasa linganisha na hii: "Mwanaume miaka 26. Miguu mizito siku 12, inaongezeka. Hana historia ya kuanguka. Hasikii pini kuanzia usawa wa kitovu kushuka. Magoti yanaruka sana nikiyagonga, kidole gumba cha mguu kinapanda nikikwaruza unyayo. Mkojo unachelewa kutoka. Mwaka jana jicho la kushoto lilipoteza nuru wiki tatu likarudi. VVU hana, kaswende hana, sukari kawaida. Naomba bingwa wa mishipa ya fahamu na MRI ya uti wote." Hii haiwezi kurudi. Usawa wa kitovu tu peke yake umeshamwambia bingwa ugonjwa uko sehemu gani ya uti, na umeipata kwa pini na dakika tano.

Jicho lipime kwa tochi ya simu. Chumba kiwe na giza kidogo, mulika kwanza jicho ambalo halikuugua, mboni zote mbili zitasinyaa, hamishia haraka kwenye jicho lililougua, kama mboni badala ya kusinyaa inatanuka, mshipa wa jicho hilo una kasoro. Andika hivyo hivyo ulivyoona.

Kabla hujamsafirisha fanya unavyoweza hapo ulipo: VVU, kaswende, picha ya kifua na maswali ya kifua kikuu, maana TB ya pingili inalegeza miguu vile vile na huku kwetu ni ya kawaida kuliko MS. Wewe uko ziwani, muulize kuhusu kuoga na kuvua, pima kichocho, mayai yake yanaweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kijana akawa hivyo hivyo. Upungufu wa vitamini B12 nao unafanana. Ila vipimo visiwe sababu ya kumchelewesha, huyu wa siku 12 na mkojo unagoma anaondoka leo, majibu mengine yatamfuata kwa simu.

Steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe, usianze kwa kubahatisha. Shambulio la MS linatibiwa kwa dozi kubwa, methilipredinisoloni gramu 1 kwa drip kila siku, siku 3 mpaka 5, hospitalini, mgonjwa akiangaliwa kwa karibu. Vidonge viwili vitatu vya predinisoloni wiki nzima havifiki huko, vinaweza kuficha dalili, na kama ni TB isiyotibiwa umeipa nguvu.

Na nikueleze kwa nini bingwa hasa na sio yeyote mwenye jina la daktari. Kuna ndugu mmoja wa MS anaitwa neuromaielitisi optika, NMO, anayeshambulia macho na uti, na sisi Waafrika anatupata kwa kiasi kikubwa kuliko Wazungu. Hadi miaka ya 2000 wengi walimhesabu kuwa aina ya MS, mpaka 2004 ilipogundulika kingamwili yake kwenye damu, na leo kuna kipimo chake. Kuwatofautisha sio mambo ya vitabuni, maana baadhi ya dawa za MS, interferoni beta kwa mfano, au fingolimodi, zinaweza kumharibu kabisa mgonjwa wa NMO. Mwandikie mgonjwa dawa ya MS kwa picha moja ya MRI bila mtu kuuliza swali la NMO, na miezi sita baadae anaweza kuwa haoni.

Kaka Dokta, nawaandikia kutoka Leicester, mimi ni Mzanzibari. Mke wangu kaambiwa ana MS mwezi uliopita, daktari kaongea dakika kumi, kampa vijitabu, tukarudi nyumbani. Kiingereza chake si kizuri, binti yetu wa miaka 12 ndiye aliyetafsiri. Hatujui miadi ijayo ni lini. Tena mke anataka mtoto mwingine. – Baba Watatu

Pole sana kaka, na mpe pole shemeji. Huko kwenu mambo yameandikwa, kwa hiyo dai kilichoandikwa. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba huko, unasema mtu akishaambiwa ana MS akutanishwe ana kwa ana na mtaalamu anayeijua MS ndani ya wiki 6, na baada ya hapo hali yake yote ipitiwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo usikae unasubiri barua. Pigeni kwenye ofisi ya yule bingwa muulize nesi wa MS ni nani, maana Uingereza wana manesi wa MS kabisa, kazi yao ndio hiyo, na mara nyingi nesi huyo ndiye mtakayekuwa mnampigia kuliko daktari. Wakiwazungusha rudini kwa jipii wenu (GP, daktari wenu wa kawaida wa mtaani) awaandikie tena.

Binti wa miaka 12 mpumzisheni jamani. Mtoto hawezi kumtafsiria mamake habari ya mkojo na ya chumbani, na mama mwenyewe atameza maneno. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huko, inatoa mkalimani bila malipo, mnaomba wakati wa kuweka miadi, semeni Kiswahili.

Habari ya mtoto: isemeni kabla hajaandikiwa dawa ya kudumu, sio baada. MS haimzuii mwanamke kuzaa. Kwa kawaida mashambulizi hupungua ujauzito ukiwa mkubwa, na huongezeka miezi mitatu ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa hiyo wale wa MS na wale wa uzazi wanatakiwa wajuane mapema. Lakini baadhi ya dawa, fingolimodi na kladribini zikiwemo, hazitakiwi kabisa wakati wa mimba, na nyingine zinataka miezi kadhaa ya kuziacha kwanza. Mkinyamaza kwa aibu mtapewa inayowafaa watu wasiotaka mtoto.

Na akipata dalili mpya inayodumu zaidi ya masaa 24, mpigieni huyo nesi siku hiyo. Watapima mkojo kwanza kuona kama kuna maambukizi, wakiona ni shambulio kweli steroidi zinatakiwa zianze mapema, ndani ya siku 14 tangu dalili ianze.

Dokta mimi ni mzazi, Tanga. Binti yangu amethibitishwa MS Dar, tumeambiwa dawa bei yake siwezi hata kuitaja mbele ya mama yake. Tunaambiwa kila miezi twende Dar. Kuna mzee hapa anasema ana mizizi. Tena mchana jua likiwaka miguu inamgoma kabisa, tunadhani dawa haifanyi kazi. – Baba Mzazi, Tanga

Shikamoo baba. Kwanza hongera kwa kufika kwenye jibu, wengi hawafiki.

Bei: mrudie bingwa umuulize waziwazi kuhusu rituksimabu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani kwa mara ya kwanza liliweka dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na ni tatu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hiyo ya tatu haikutengenezwa kwa ajili ya MS, madaktari wa saratani ya tezi za limfu (limfoma) wameitumia miaka mingi, na kwa sababu hiyo inaweza kupatikana mahali ambapo zile zenye majina makubwa hazijafika, na kwa bei ambayo walau mtu anaweza kuitaja. Sisemi ni rahisi. Kabla ya kupewa lazima apimwe homa ya ini ya B kwa sababu dawa hiyo inaweza kuiamsha ikiwa imelala, na kifua kikuu nacho kiangaliwe.

Safari za Dar: zipunguzeni kwa kuomba rufaa ya kurudi nyumbani. Watu wanadhani rufaa inapanda tu, wilaya, mkoa, kanda, taifa, kumbe inashuka pia. Bingwa aandike barua kwa daktari mmoja wa hapo Tanga, jina la ugonjwa, dawa na tarehe zake, damu ipimwe nini na lini, homa ikizidi afanye nini, na namba ya kupiga. Misuli inayokakamaa, mkojo, fizio, kidonda cha kukaa sana, yote hayo yanashughulikiwa hapo hapo. Dar mnaenda kwa dripu, MRI na kumwona bingwa.

Mzee wa mizizi sina ugomvi nae ila msimwachishe binti dawa kwa ajili yake, na chochote atakachompa daktari akijue, maana ini ni moja.

Na hilo la jua, baba, ondoa wasiwasi kidogo. Neva iliyovuliwa utando ikipata joto inapitisha umeme kwa shida zaidi, kwa hiyo mchana wa Tanga miguu itagoma, akipoa inarudi, ndani ya saa moja au masaa machache. Hilo sio shambulio jipya wala sio dalili kuwa dawa imeshindwa. Kitambaa cha maji shingoni, feni, kuoga maji ya baridi. Ila kama amekaa kivulini, amepoa, usiku umepita, na bado miguu iko vile vile, mpimeni homa na mkojo halafu mpigie daktari wa Tanga. Na ile miadi ya fizio mliyopewa saa saba mchana kabadilisheni, ombeni ya saa mbili asubuhi.